Mashine Nitakayoichagua Mwenyewe

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo imenyesha mvua ya kwanza ya maana, na mashine imekataa kuwaka mara tatu. Mara ya nne ikawaka. Basi nami naanza kuandika haya, nyuma ya karatasi zilizochapwa vibaya ambazo Mama Mado huzitunza kwenye katoni kana kwamba ni vitenge.

Naandika ili niwe na shahidi. Mwezi wa kumi na mbili zamu yangu ya likelemba inafika. Tuko kina mama kumi na wawili, kila mwezi tunachanga na mmoja anabeba chote. Nikibeba mimi, nitanunua mashine mpya, na nitaichagua mimi. Si Yaya Kasimu, kaka yangu mkubwa. Mimi Bilkisi, mwenye miaka thelathini na sita, mwenye duka hili la kuchapa barua, picha na kadi hapa mtaa wa Kapata.

Hii tuliyo nayo ni kompyuta ya kipande kimoja, skrini na ubongo ndani ya mwili mmoja, ile watu huiita tout-en-un. Kaka yangu aliichagua miaka minane iliyopita. Alichagua pia rangi ya ukuta, kijani ya hospitali. Alichagua benchi la wateja. Hata mume wangu alinichagulia yeye, na hapo hakukosea, Mungu amrehemu marehemu. Lakini mtu hawezi kuishi maisha yote kwa bahati ya macho ya kaka yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Imewaka mara ya pili. Sisemi neno, isije ikasikia ikavimba kichwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama Mado ana mashine yake ya kopi kwenye kona ya duka langu, na ana maoni katika kila kona. Yeye anataka laptop.

"Bilkisi, kamata laptop," aliniambia huku anafuma kitambaa chake. "Courant ikienda, yee iko na batterie, inaendelea tu. Hii mukubwa yako, courant ikienda, na kazi inaenda."

Ni kweli. Wiki hii umeme umekatika mara sita, na mara mbili nimepoteza barua nzima ya mtu anayeomba kazi. Basi tukafunga duka mapema, tukapanda moto, yaani pikipiki, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja, tukaenda mjini kuangalia.

Niliingia dukani kama msichana anayekwenda kuposwa. Mashine zimepangwa ukutani, zote zinawaka, zote zinaonyesha samaki wa rangi. Niligusa kila moja. Mwuzaji alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu vyenye matope.

"Mama, patron eko wapi? Atakuya kuchagua?"

"Patron njo mi," nikamwambia.

Mama Mado alicheka mpaka akashika ukuta. Njiani kurudi nililirudia neno lile peke yangu ndani ya upepo wa pikipiki, kwamba mwenye duka ndiye mimi. Lilikuwa tamu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Madame Agnès, mkurugenzi wa shule ya msingi ya huku kwetu, amekuja na habari ambayo mpaka sasa inanifanya nisikae chini.

Shule inataka kadi zenye picha kwa wanafunzi wote, kuanzia darasa la kwanza mpaka la sita. Wote! Mwaka jana waliwapa kazi hiyo watu wa mbali, wakachanganya picha. Watoto arobaini walitembea mwaka mzima na sura za wenzao shingoni. Mtoto mmoja wa kiume alikuwa na sura ya msichana mwenye hereni, na alipigana kila siku ya Mungu.

"Mara hii nataka muzazi akae hapa," alisema Madame Agnès akipiga benchi kwa kiganja, "aone mutoto wake kwa macho, aseme ndiyo, njo muchape kadi. Bila ile, hapana."

Atakuja Jumamosi ya tarehe 13 Desemba kutupima. Kuna duka jingine mjini linaitaka kazi hiyo hiyo. Nikiwa na mashine inayofaa siku hiyo, kazi ni yangu. Tout-en-un ilizima yenyewe alipokuwa bado anaongea, ikabidi nisimame mbele yake niifiche kwa kitenge changu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Wateja wawili. Binamu ya Mama Mado ametuazima laptop yake tuijaribu kwa wiki moja. Ni nyepesi kama sahani! Nimelala nikiiwaza.

Jumanne, 28 Oktoba

Laptop imenitia aibu, naiandika aibu yote kama ilivyo.

Jana ilikuja familia ya Mignonne anayeolewa. Walikuja kama kawaida ya watu wetu, yaani wote: bibi, shangazi watatu, wajomba wawili, dada mtu mwenye mtoto mgongoni. Kadi ya harusi si jambo la mtu mmoja. Kila mtu lazima aione na aseme neno, na asiyesema neno leo atalisema siku ya harusi mbele ya chakula. Kwa tout-en-un husimama nyuma yangu na kunipumulia shingoni, lakini angalau wanaona.

Kwa laptop, watu wanane walikizunguka kiskrini cha ukubwa wa trei ya chai. Aliyekuwa kando aliona giza tupu. Bibi alichoka, akaichukua mikononi.

"Leta kule kwa mwangaza. Mi sioni kintu," akasema, akaibeba mpaka mlangoni na waya ukimfuata.

Huko mlangoni, jua linapiga, kila mtu akasema ni nzuri, ni nzuri kabisa. Nikachapa kadi zote. Leo asubuhi shangazi mmoja amerudi na kadi moja, ameishika kwa ncha za vidole.

"Hii mukono ni ya nani?"

Nikatazama. Bwana harusi, Kalonji, anatabasamu katika suti yake. Picha ilikatwa kutoka picha ya sherehe nyingine. Begani kwake umebaki mkono, vidole vinne, kucha zimepakwa rangi nyekundu.

"Iko na vernis," akasema shangazi. "Mignonne hapakake vernis."

Kalonji anaapa kwamba ni mkono wa binamu yake. Hakuna aliyemwamini, ila harusi bado ipo. Nimefuta mkono, nimechapa kadi zote upya kwa karatasi yangu, nikaomba radhi kwa kila shangazi kwa zamu yake. Laptop imerudi kwa mwenyewe leo leo. Mashine yangu itaonekana na watu wanane, au haitakuwa mashine yangu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mama Mado bado anacheka.

Jumatatu, 3 Novemba

Imezima mara tano. Siku arobaini zimebaki.

Ijumaa, 7 Novemba

Imezima mara saba, na mara moja nimenusa plastiki inayoungua. Mvua ya usiku iliacha matope mpaka kizingitini, lakini vumbi jekundu la migodi halijui mvua wala kiangazi, linaingia tu. Nimemwita Tata Banza, mzee wa mtaa wa Musonoi. Alikuwa fundi umeme wa kampuni ya migodi tangu baba zetu wakiwa vijana, sasa anatengeneza kila kitu chenye waya. Atakuja Jumatatu.

Jumatatu, 10 Novemba

Tata Banza alifika akiwa na mfuko wa bisibisi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuigusa mashine kwanza. Alisimama akaitazama muda mrefu, jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa anayedanganya.

"Hii kitambaa ni ya nani?"

Ni cha Mama Mado. Mwaka ule tulipoanza alikifuma kwa uzi mweupe, maua na pindo, akakitandika juu ya mashine kama watu wanavyotandika juu ya televisheni. Kila Jumamosi anakifua, kila Jumatatu anakirudisha. Mteja akiingia, kitu cha kwanza kusifia ni hicho.

"Mama, huku juu njo fasi ya kupumuria," Tata Banza akasema akionyesha matundu madogo mgongoni na juu. "Munaifunga kinywa miaka munane. Hata mi mungenifunika hivi, ningelala mu kazi."

Alifungua. Ndani alitoa vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi nyeupe, donge la kujaza kiganja. Mama Mado aliliona, akakikunja kitambaa chake taratibu, akaingia nyuma ya mashine ya kopi akakaa huko. Sikujua nimcheke au nilie. Tumeiua wenyewe, kwa heshima.

Nilimwuliza Tata Banza kama sasa itapona kabisa.

"Itakufikisha mwisho wa mwaka, kama haumufunike. Lakini skrini inaanza kukufa, unaona hii mistari? Na kwa tout-en-un, jicho ikikufa, na kichwa inaenda naye. Ukuye kwangu Musonoi, nikuonyeshe kintu."

Jioni nilimpelekea Mama Mado chai. Nikamwambia watu wamelipenda duka hili kwa sababu ya kitambaa chake, na ni kweli. Akanijibu kwamba hata hivyo laptop isingehitaji kitambaa. Basi nikajua amepona.

Alhamisi, 13 Novemba

Ee Mungu wangu. Ngoja nipumue.

Nimetoka Musonoi nimelowa mpaka mifupa, na nimepiga vigelegele juu ya moto mpaka dereva akasimamisha akiuliza kama nimefiwa.

Karakana ya Tata Banza iko nyuma ya nyumba yake, na malori ya mgodi yakipita juu, misumari inacheza ndani ya makopo. Mezani alikuwa na sanduku jeusi limesimama wima, ile wanayoiita tour, imetumika lakini ni nzima. Skrini ni kitu mbali, kibodi kitu mbali, kila kiungo na waya wake. Kimoja kikifa, unakizika peke yake, vingine vinaendelea na kazi. Chini kuna onduleur, sanduku la betri linalokupa dakika ishirini umeme ukikatika. Dakika ishirini! Barua ngapi zinaokoka ndani ya dakika ishirini?

Hayo yote ni mazuri, lakini si hayo yaliyonipandisha wazimu. Tata Banza alikuwa ameunganisha skrini mbili kwenye tour moja, kwa sababu skrini moja ilikuwa na ufa na alitaka kuilinganisha na nzima. Picha ile ile ilikuwa hapa na pale.

"Tata, zinaonyesha kitu kimoja?"

"Kama unataka. Ao bintu mbili."

"Geuza hii ya pili. Itazame kule."

Akaigeuza. Nikazunguka meza, nikakaa mahali ambapo mteja angekaa, juu ya gurudumu bovu. Na pale, mbele yangu, kubwa, bila mtu kumpumulia mtu shingoni, ilikuwa picha yote. Mimi upande wangu, watu upande wao, kazi moja katikati! Bibi na shangazi wote watatu wangeuona ule mkono kabla sijashika karatasi. Kila mzazi wa shule angemwona mtoto wake akiwa amekaa.

Miaka minane nimefanya kazi na watu mgongoni, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine. Tata Banza hakuwa amefikiri hivyo. Mwuzaji wa mjini hakuwa amefikiri hivyo. Nimefikiri mimi! Naandika mara mbili: nimefikiri mimi.

Ameniwekea. Skrini nzima mbili atazipata, nami nitalipa nikibeba likelemba, tarehe 11 Desemba. Siku mbili kabla ya Madame Agnès.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepima meza kwa uzi mara nne. Nimehamisha benchi. Nimerudisha benchi. Nimelihamisha tena.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua siku nzima, barabara ya Lubudi imeharibika, malori ya mizigo ya Yaya Kasimu yamekwama huko. Aliponipigia simu nilitaka kumwambia habari ya skrini mbili, kwa furaha tu. Nikaanza, "Yaya, ile mashine ya zamani…"

"Usisumbuke," akanikata. "Mado aliniambia inakufa. Nilisha kununua ingine kule Lubumbashi. Mupya kabisa. Tout-en-un, mukubwa kupita ile. Iko mu camion."

Nilisema asante. Naandika ukweli wa Mungu: nilisema asante.

Jumapili, 23 Novemba

Sijaongea na Mama Mado. Yeye naye haongei, anajua.

Jumamosi, 29 Novemba

Imefika.

Lori lilisimama mbele ya duka saa nne asubuhi. Yaya Kasimu alishuka mwenyewe, kanzu nyeupe bila doa baada ya siku tatu za matope, sijui anafanyaje. Akawaita majirani. Katoni ikashushwa na wanaume wawili, na upande wake kuna picha ya mashine yenyewe, nyembamba, inang'aa, na samaki wa rangi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja alicheza.

"Ile feza ya likelemba," akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "ununulie batoto bilatu. Ya machine, nilisha kumaliza."

Wote wakasema mnaona kaka? Huyu njo kaka! Nami nikacheka kwa meno yote, na ndani nilikuwa nasaga. Akataka tuifungue. Nikamwambia ngoja, ukuta una unyevu, tungoje siku nzuri. Akakubali, akaenda kuswali.

Nilipobaki peke yangu nilikaa juu ya benchi la wateja nikaitazama katoni. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikupata pa kukaa. Kwa sababu namkumbuka tulipokuwa Lubudi. Baba alipofariki, na Mama ameshatangulia, Yaya alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anauza unga karibu na stesheni, anabeba magunia ya watu, na jioni anarudi na daftari langu la shule chini ya shati ili lisilowe. Hakuniuliza nataka daftari gani. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza? Alichagua kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuchagua, na mimi nilikula, nikasoma, nikakua. Tatizo ni kwamba nimekua zamani, na hakuna aliyemwarifu.

Miaka yote nimemwona kama mtu anayependa kutawala. Leo, alipokuwa anasubiri nifungue katoni, nilimwona usoni. Alikuwa na wasiwasi. Aliogopa kwamba sitaipenda. Mtu wa malori manne, aliniogopa mimi! Hilo ndilo linalofanya iwe vigumu zaidi kumkatalia.

Jumatatu, 1 Desemba

Katoni imefungwa. Ya zamani imewaka mara ya kwanza, wazi kichwa, bila kitambaa.

Jumanne, 2 Desemba

Nilikwenda kwenye maegesho ya malori kumwambia. Nikamkuta na madereva wake. Akaagiza chai, akaagiza wali. Nilikula sahani mbili, nikarudi nyumbani bila kusema neno. Sahani mbili!

Jumatano, 3 Desemba

Nilitafuta sababu ya kiufundi. Nikamwita Tata Banza aangalie maandishi ya katoni, anithibitishie kwamba hii mpya haikubali skrini ya pili. Ningemwambia Yaya, unaona, haiwezekani, si mimi niliyekataa, ni mashine.

Tata Banza alisoma upande mmoja, akazunguka akasoma wa pili, akashusha miwani.

"Mama, hata hii inaweza. Iko na mulango ya skrini ya pili."

Nilitamani kumfukuza.

"Ya kwangu ikikufa kiungo moja, unapona," akaongeza. "Hii ikikufa, yote. Lakini kusema haiweze, hapana. Siwezi kukusaidia kudanganya kaka yako."

Basi sina pa kujificha. Nikiikataa, itabidi niseme sababu ya kweli.

Ijumaa, 5 Desemba

Yaya amepiga simu. "Unaifungua siku gani?" Nikamwambia mvua. "Mvua iko ndani ya nyumba?"

Jumapili, 7 Desemba

Katoni imefungwa.

Jumanne, 9 Desemba

Mama Mado alisimamisha kopi katikati ya kazi. "Bilkisi, umwambie. Mi nilikosa, mi njo nilimwambia inakufa. Lakini kunyamaza ni ya kwako." Akaendelea na kopi. Yuko sahihi.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimebeba likelemba. Saa hiyo hiyo Musonoi. Jioni Tata Banza amefunga yote: tour, onduleur, skrini yangu, skrini ya watu. Niliwasha. IMEWAKA MARA YA KWANZA. Mama Mado alikaa benchini akasoma kwa sauti barua ya mteja, mstari kwa mstari, akanikosoa mahali pawili. Nilimkumbatia. Binti zangu wamekataa kwenda nyumbani.

Katoni iko pembeni, imefungwa. Jumamosi Madame Agnès anakuja. Kesho nitamwambia Yaya, hata akinipa sahani tano.

Ijumaa, 12 Desemba

Yuko njiani kutoka Likasi. Simu haishiki.

Jumamosi, 13 Desemba

Niliamka kabla ya adhana. Nilivaa kitenge cha njano. Saa tatu Madame Agnès akafika na mwavuli na orodha ya majina ya watoto. Saa tatu na dakika tano, lori likasimama nje.

Yaya Kasimu aliingia na wenzake wawili, wasafirishaji, amewaleta waone mashine aliyomnunulia dada yake. Aliona meza. Aliona tour, skrini mbili, nyaya. Kisha aliona katoni, na utepe wake haujakatwa.

Mama Mado aliacha kupiga kopi.

"Bilkisi. Hii ni nini?"

"Ni mashine yangu, Yaya."

"Na ile?"

"Ni yako."

Wenzake wakatazama viatu vyao. Yaya alisogea akaigusa tour kwa kidole kimoja. Hakuongea kwa nguvu. Ningependa angeongea kwa nguvu.

"Unanipatisha haya mbele ya batu. Yangu haiweze hii kazi?"

Hapo nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, wa kiufundi, safi kabisa. Tata Banza hakuwepo kunisuta.

"Inaweza, Yaya. Ni mashine muzuri sana. Tata Banza aliiangalia, inaweza yote. Shida haiko machine."

"Basi shida iko nini?"

"Mi sikuichagua." Nikatoka nyuma ya skrini yangu. "Yaya, ile siku ya Lubudi ulikuwa unachagua sababu batu bote walikuwa wamekufa. Mi sisahau. Sitasahau hata nikizikwa. Lakini sasa nilisha kukomaa. Nataka nichague hata kama ninakosa. Nikikosa nitakuya kulia kwako. Ila nikose mwenyewe."

Mvua ilianza juu ya mabati, na kwa muda hata angejibu tusingesikia. Nilifikiri, basi, nimempoteza kaka na kazi ya shule siku moja, na sijui nilianza kulia saa ngapi.

Madame Agnès ndiye aliyesogea. Mwalimu wa miaka thelathini haogopi wanaume wenye hasira, amefundisha wengi wao.

"Tata Kasimu," akasema, "mi niko na kazi hapa, na sikuleta mutoto wa kujaribia. Ukae kwa benchi. Watakupiga picha wewe."

Na Yaya Kasimu, sijui kwa mshangao au kwa adabu, akakaa. Nilimpiga picha. Nikaiingiza. Sura yake ikatokea kwenye skrini ya watu, kubwa, mbele yake, na kofia imepinda.

Aliitazama. Wenzake wakasogea nyuma yake wakaitazama.

"Kofia iko ya kupinda," akasema Yaya.

Nikairekebisha. Kofia ikanyooka mbele ya macho yake. Mmoja wa wenzake akasema "Ee!"

"Na ile kivuli ya shingo. Utoe kiloko." Nikatoa kidogo. "Hapana, mingi. Urudishe." Nikarudisha. "Njo hapo. Usiiguse tena."

Nilitazama juu ya skrini yangu. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, ameshughulika kama shangazi wa harusi, hasira amesahau wapi ameiweka. Nikachapa. Mama Mado akaifunga ndani ya plastiki ikiwa bado ya moto, akampa. Kadi ilisema: Darasa la kwanza A, Kasimu. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega, naye akacheka, mwishoni, kwa pua.

"Tarehe tano Januari," akasema Madame Agnès akifunga orodha yake. "Munaanza na darasa ya kwanza. Wazazi watakaa hapa hapa."

Mama Mado alipiga kelele.

Watu wakatoka, mvua ikapungua, tukabaki na Yaya. Alisimama akaiendea katoni. Nilidhani atawaita wanaume. Aliiinua mwenyewe, akaiweka begani juu ya kanzu nyeupe, akafika mlangoni, akasimama na mgongo ukinitazama.

"Nitaiweka mu bureau ya malori," akasema. "Pale tunaandika na biki mpaka leo. Lakini mi sijue hata kuifungula."

"Nitakuya kukuonyesha, Yaya."

"Siku gani?"

Nilingoja aseme. Miaka yote yeye ndiye husema. Aligeuka nusu, katoni ikagonga fremu ya mlango.

"Chagua we," akasema.

Nikachagua Jumanne.